Kabla ya kulaumu mkono wako, kagua makali

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba wembe wake wa kukunja unang'oa ndevu badala ya kuzikata, na sasa anataka kurudia nyembe za kutupa. Ndugu yangu, usirudi. Mateso hayo nayajua.

Wembe wangu wa kwanza niliuziwa kwa kuhakikishiwa kwamba umeshanolewa, kazi yangu ni kupaka povu tu. Haukuwa umenolewa. Mashavu yaliniwaka moto kila asubuhi, na watu wa karibu wakaniambia mkono wangu mzito, kazi hii niwaachie vinyozi. Maneno yale bado yananiuma. Nilipompelekea fundi, aliupitisha kwenye mawe ya kunolea, kuanzia la namba 1000, lenye chembe kubwa, hadi la 8000, lililo laini zaidi, akaumalizia kwenye ukanda wa ngozi. Mkono ulikuwa uleule, lakini ndevu zilianguka zenyewe. Na jana nimenyoa kidevu chote, pamoja na kile kipande chini ya mdomo, bila tone la damu.

Kwa hiyo makali kwanza. Ukanda hauchukui nafasi ya jiwe. Kazi yake ni kunyoosha makali yaliyokwisha kunolewa. Upitishe wembe juu yake kila mara kabla ya kunyoa, mgongo (ule upande mnene usio na makali) ukitangulia, na ukifika mwisho ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Ukiugeuza kwa upande wa makali, utaukata ukanda na kuharibu ulichokuja kukitengeneza.

Usoni, ulaze wembe kama nyuzi 30 kutoka ngozini, vuta ngozi ikaze kwa mkono wa pili, na usikandamize. Nasema tena, usikandamize! Fuata ndevu zinakoelekea. Wenye ndevu za kipilipili tusishindane na wanaotafuta ulaini wa kioo: ukinyoa kinyume, unywele hukatika chini ya ngozi, ukajikunja na kuota kwa ndani, na hapo ndipo vipele huanza. Tunapenda matokeo ya haraka, lakini ngozi haiharakishwi.

Ukimaliza, ufute wembe ukauke kabisa, maana chuma cha kaboni hushika kutu upesi.

Wewe uliyeniandikia, upeleke wembe wako kwanza kwa fundi. Ukirudi, anza na mashavu peke yake. Kidevu kinyoe kwa muda tu kwa wembe wa kutupa uliouzoea, mpaka mkono utulie.