Anaongea Kiingereza vizuri, mbona bado yuko ESL?

SWALI: Mwanangu ana miaka kumi. Tulitoka kambi ya Nyarugusu miaka miwili iliyopita, sasa tuko Louisville, Kentucky. Kiingereza anakimwaga, hata hospitalini yeye ndiye ananitafsiria. Lakini shule imeleta tena karatasi za ESL, yaani masomo ya msaada kwa watoto wanaojifunza Kiingereza. Jamaa wa kanisani anasema nikatae, na barua ataniandikia yeye kwa malipo kidogo. Nikubali?

JIBU: Mama, usisaini hiyo barua. Watu wa barua za kulipia huibuka kila shule zinapofunguliwa, na nimewachoka.

Kukataa ni haki yako, hapo hakudanganya. Alichokuficha ni kwamba mtoto hatoki kwenye orodha ya shule ya wanaojifunza Kiingereza. Ataendelea kufanya mtihani wa Kiingereza kila mwaka mpaka afaulu. Kitakachoondoka ni msaada tu.

Lakini hili la "anaongea vizuri" ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Mtihani wenyewe, unaoitwa ACCESS na kutungwa na WIDA, muungano wa majimbo, hupima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Katika alama ya jumla, kuongea ni asilimia 15 na kusikiliza 15. Kusoma ni 35, kuandika 35. Mtafiti Jim Cummins alishaonyesha kwamba Kiingereza cha maongezi mtoto hukipata kwa mwaka mmoja au miwili, ila cha masomo huchukua mitano hadi saba. Wako ana miwili.

Mjaribu leo jioni. Aandike kwa Kiingereza, sentensi tano, kwa nini maji ya sufuria isiyofunikwa hupungua yakiachwa juani. Kisha akueleze kwa Kiswahili. Akikueleza vizuri halafu karatasi ina mistari miwili ya kubahatisha, basi akili anayo, Kiingereza cha darasani bado. (Na hospitalini dai mkalimani. Ni bure, shuleni vilevile. Mtoto asibebeshwe habari za ugonjwa wa mama yake.)

Badala ya barua, omba shule ikuonyeshe mpango wake wa huduma: anafundishwa na nani, saa ngapi kwa wiki, na anatolewa kwenye somo gani. Kama wanamtoa wakati wa hesabu, hapo gomba, nami nitakuunga mkono.

Msaada huu haukuletwa kwa hisani. Wazazi wa Kichina wa San Francisco waliupigania hadi Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Lau dhidi ya Nichols, wakashinda mwaka 1974. Leo sisi tunamlipa mtu atusaidie kuukataa!

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanawashauri wazazi wapya waandike "Kiingereza" kwenye fomu ya lugha ya nyumbani, eti mtoto asirudishwe nyuma, au eti fomu inapelekwa uhamiaji. Si kweli. Fomu hiyo ni ya kupanga masomo, na tangu hukumu ya mahakama hiyohiyo katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, 1982, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu hana hati. Ukiandika "Kiingereza", mtoto hapimwi. Anakaa darasani kimya, na baada ya miezi mwalimu anaanza kushuku ana ulemavu wa kujifunza. Nimekaa kwenye vikao hivyo: faili linafunguliwa, na mwandiko kwenye fomu ni wa baba mwenyewe. Aliyekwisha kuandika hivyo aende ofisi ya shule aombe irekebishwe na mtoto apimwe. Halipii chochote.