Maswali ya wasomaji: Kanga inayosema ikiguswa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa ubunifu wa nguo. Nimetengeneza kanga ambayo mtu akigusa herufi za jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, sauti niliyoirekodi hulisoma jina hilo kupitia spika ndogo. Nimetumia uzi unaopitisha umeme, bodi ya Arduino (saketi ndogo inayoandikiwa programu) na kompyuta ya mkononi. Nyumbani ilifanya kazi vizuri, lakini tulipoitundika ukumbini, mara ilisema bila kuguswa, mara iliguswa ikanyamaza. Tatizo ni nini, na kazi yenyewe mnaionaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hitilafu. Uzi wako hauhisi mkandamizo wa kidole. Bodi huujaza uzi chaji ya umeme kupitia rizista (kipande kinachozuia umeme usipite kwa wingi) yenye ukinzani mkubwa, aghalabu wa megaomu 1 au zaidi, kisha hupima muda unaopita mpaka uzi ujae. Mkono ukikaribia, mwili wa mtu huongeza nafasi ya kuhifadhi chaji na muda huo hurefuka. Kwa sababu hiyo kila kilicho jirani na uzi huingia katika hesabu, zikiwemo nyaya za umeme ukutani na unyevu wa hewani. Ikiwa uliandika katika programu kiwango kimoja cha kutenganisha kuguswa na kutoguswa, nawe ulikipata kwa kupima chumbani kwako, kiwango hicho hakikufaa tena ulipofika ukumbini, hasa kama madirisha yalikuwa wazi kuelekea baharini, kwani pamba hufyonza unyevu, na kanga yenye unyevu huvujisha chaji kutoka herufi moja hadi nyingine.

Iandike programu upya ili ijipime yenyewe kila inapowashwa, ifuate mabadiliko ya polepole ya hali ya hewa, na ihesabu kuwa mguso lile ongezeko la ghafla tu. Waya unaotoka kwenye kanga hadi kwenye bodi uwe mfupi kadiri inavyowezekana, maana ukiwa mrefu hunasa mivumo ya umeme wa jengo. Jambo la tatu watu wengi hulisahau: kompyuta iliyochomekwa ukutani na ile inayotumia betri hazitoi vipimo sawa, kwa kuwa vipimo hivi hutegemea jinsi saketi ilivyoungana na ardhi. Ukitumia betri, tandika chini ya mkeka wa kusimamia watazamaji karatasi ya alumini iliyounganishwa na waya wa ethi wa bodi, nawe utaona miguso inatambulika vizuri zaidi. Pawabenki inafaa na ni salama kwa kazi inayoshikwa na watu, ila nyingi hujizima zenyewe zikiona umeme unaotumika ni mdogo mno, na huenda hicho ndicho chanzo cha baadhi ya ule ukimya wako.

Kuhusu kitambaa, ifue kanga kwanza mpaka dondo yote itoke, ndipo ushone. Vinginevyo itajikunja baadaye na kuvuta mishono. Uzi wa nailoni uliopakwa fedha hupitisha umeme vizuri lakini hufifia na kuwa mweusi, ilhali ule wa chuma cha pua una ukinzani mkubwa zaidi ila hudumu, na kwa hewa ya pwani mimi ningechagua huo. Uweke uwe uzi wa chini wa cherehani, au upige bandi kwa mkono nyuma ya herufi, kwani kidole huhisiwa hata kikiwa upande wa pili wa kitambaa. Chuma cha pua hakishikani kirahisi na lisasi ya kulehemu. Tumia vifungo vya chuma vya kubana, na kila fundo ulipake tone la rangi ya kucha isiyo na rangi ili lisifunguke.

Sasa kazi yenyewe. Nakusifu kwa kuanza na kanga badala ya skrini, lakini sauti inayosoma yale ambayo mtazamaji amekwisha kuyasoma kwa macho haimpi kitu kipya. Tena mwanamke huvaa jina la kanga ili aseme bila kufungua kinywa. Ukilipaza kwa spika, unaiondolea kanga uwezo wake mkubwa kuliko wote. Ningependa kusikia sauti za wanawake kadhaa wakieleza ni lini wangeivaa kanga hiyo na mbele ya nani, tena sauti ziwe za chini, spika ikifichwa kwenye pindo, ili msikilizaji alazimike kusogea kama anayenong'onezwa. Hakikisha pia sauti inaanza ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde tangu mguso, kwa sababu ikichelewa zaidi ya hapo mtu hudhani haijamsikia, naye huanza kuibonyezabonyeza ovyo.

SWALI: Nimeona kazi nyingi za namna hii, nami huziona kuwa maonyesho ya vifaa tu. Sanaa iko wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa nyingi una haki ya kulalamika. Hata hivyo itazame kazi ya msanii Daniel Rozin ya mwaka 1999, iitwayo Wooden Mirror. Ni kioo kilichotengenezwa kwa vipande 830 vya mbao, kila kimoja kikiwa na mota yake ndogo nyuma. Kamera iliyofichwa katikati humtazama anayesimama mbele, kompyuta huipunguza sura yake iwe vivuli vichache, na kila kipande huinamishwa juu kuelekea taa ili kionekane cheupe, au chini ili kiwe cheusi. Mbao haiakisi sura, lakini hapo mtu anajiona mbaoni na kuvisikia vipande vikigeuka kwa mlio mwepesi kila anapotikisika. Hakuna skrini wala waya unaoonekana. Ukiiondoa mbao ukaweka runinga, kompyuta ile ile na kamera ile ile hazitamsimamisha mtu yeyote, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kazi zote za aina hii.

Rafael Lozano-Hemmer naye, mwaka 2006 huko Puebla, Meksiko, alitundika balbu za kawaida ndani ya kiwanda cha zamani cha nguo na kuziita Pulse Room. Mtu akishika vishikio, balbu moja huwaka na kuzimika kwa mapigo ya moyo wake. Akiachia, mapigo hayo husogea hadi balbu inayofuata, nayo ya waliomtangulia husogezwa mbele, hivi kwamba chumba kizima humetameta mioyo ya watu waliokwisha kuondoka. Mimi sioni vifaa hapo.

SWALI: Bodi ikifa baada ya miaka mitano, kazi yangu imekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: La, ikiwa tangu leo utachapisha programu yote karatasini, utachora saketi kwa mkono, na utaandika ni kipi kinaweza kubadilishwa na kipi hakiwezi. Bodi inabadilishika. Balbu ya nyuzi kama zile za Pulse Room, ambayo nchi nyingi zimeacha kuiuza, ni vigumu zaidi, kwa kuwa mwanga wake hufifia taratibu namna ambayo taa ya LED haiigi yenyewe bila kuandikiwa programu. Nunua akiba mapema, na uwe na fundi redio anayeijua kazi yako.