Ngiri za kinena ziko tatu

Wengi hudhani ngiri ya kinena, yaani utumbo kujitokeza kupitia mahali dhaifu pa ukuta wa tumbo, ni kitu kimoja eti kinakuwa kikubwa au kidogo. Hapana. Ziko tatu, na kinachozitofautisha ni mlango zinapotokea. Nafanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, hapa Nairobi, tunaziona zote.

Ya kwanza hufuata njia ileile ambayo korodani zilipitia kushuka mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo maana hata mtoto mchanga huwa nayo, na ikiachwa inaweza kuteremka hadi kwenye mfuko wa korodani. Ya pili husukuma moja kwa moja ukuta wa tumbo uliolegea, hivyo utaiona zaidi kwa wazee, na ni nadra ifike huko chini. Ukipapasa kwa nje unabahatisha tu ni ipi kati ya hizo mbili. Daktari huhakikisha akishafungua, kwa sababu ya kwanza hutokea upande wa nje wa mishipa ya damu ya epigastriki, ile inayopanda ndani ya ukuta wa tumbo, na ya pili upande wa ndani.

Ya tatu ni ya paja, chini ya kano ya kinena, kando ya vena kubwa, mshipa unaorudisha damu kutoka mguuni. Tundu lake ni jembamba, kingo ngumu, kwa hivyo hukaba utumbo upesi. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, ingawa hata kwa wanawake zile mbili za juu bado ndizo nyingi.

Kubeba magunia soko la Gikomba kunaweza kuchochea ngiri, sawa. Ila uvimbe ukikataa kurudi ndani, ukawa unauma, nawe ukaanza kutapika, usingoje kliniki ya Jumatatu. Nenda kitengo cha dharura hospitalini usiku huohuo.