Rimu au dramu ya breki kwa tanuri la uhunzi?

Mdogo wangu uliyeuliza kama rimu ya Noah itafaa: kama ni ya aluminiamu, iache. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na moto wa kufua chuma unapita hapo mbali sana. Tafuta dramu ya breki ya lori. Zunguka kwa wauza skrepa wa Unga Limited hapa Arusha. Tundu la katikati liwekee bamba nene lenye matobo, chini yake chomelea bomba la inchi 2 lenye umbo la T: ubavuni inaingia hewa, chini unatolea majivu. Upepo utaupata kwa feni ya hita ya gari na betri ya volti 12, ila weka kidirisha cha kuupunguza. Mkaa ukipulizwa sana unarusha cheche tu na kuisha.

Bomba lisiwe la mabati! Zinki ikiungua, moshi wake unaleta homa na kubana kifua. Shokapu nzima nayo usiitie motoni kabisa, inalipuka.

Visu fua kwa springi za lori, uvizimishe (uvipoze ghafla vikiwa vya moto) kwenye oili, siyo maji. Fuawe, yaani chuma cha kugongea juu yake: ekseli nene ya lori iliyosimamishwa wima. Kipande cha reli ni kizuri zaidi, lakini jiandae kuwaeleza polisi ulikitoa wapi.