Majina ya marehemu katika sajili ya wapiga kura

Nimewahi kuwa karani wa uandikishaji wa wapiga kura katika kaunti ya Kilifi, na tangu hapo, nikisikia watu wakilalamika kwamba wafu hupiga kura, huuliza kwanza: kifo chenyewe kiliripotiwa kwa nani?

IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, hutegemea kumbukumbu za usajili wa vifo, nazo hujazwa kwa taarifa za hospitali na za chifu msaidizi. Kwetu Pwani, hasa miongoni mwa Waislamu, maiti haikawizwi, na aliyefia nyumbani huweza kuzikwa pasipo kibali, matanga yakaisha, na kitambulisho chake kikabaki kabatini. Kwa serikali mtu huyo angali hai. Ndiyo maana sikushangaa ukaguzi wa sajili uliofanywa na kampuni ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulipokuta marehemu 246,465 katika sajili ya watu zaidi ya milioni 22, ingawa hesabu hiyo ni ndogo kuliko milioni 1.2 zilizokadiriwa mwaka 2008 na tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007. Kwa hiyo, ukifiwa, mtume mtu mmoja wa ukoo kwa chifu msaidizi mapema, kitambulisho cha marehemu kirudishwe, na cheti cha kifo kifuatiliwe hata kama hakuna urithi wa kugawa.

Wapo wanaosema alama za vidole, zinazochukuliwa tangu 2012, zimekwisha kuondoa hatari hiyo. Zimeipunguza sana. Lakini vidole vya wakulima na wazee mara nyingi havisomeki, na hapo karani humtambua mpiga kura kwa kitambulisho na kujaza Fomu 32A mbele ya mawakala wa vyama. Wakala anayesinzia saa hiyo (nao ni wengi, maana huamka alfajiri) ameacha wazi mlango ambao mashine ilikuwa imeufunga. Vyama viwafundishe mawakala wao kuhesabu fomu hizo na kuzilinganisha na idadi ya waliopiga kura bila kutambuliwa kwa vidole.

Kwa walio hai, kagua kituo chako, si jina peke yake. Mwaka 2022 ilitosha kutuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa SMS kwenda 70000, na wako waliogundua kwamba wamehamishwa kituo bila kuomba. Uhamisho wa namna hiyo hufanywa na mtu mwenye nenosiri la mfumo wa sajili, kwa hiyo nawasihi makarani wapya wasiazimane nenosiri hata foleni ikiwa ndefu na mwenzao amesahau lake, kwa sababu kumbukumbu za mfumo zitamtaja mwenye akaunti, wala si aliyebonyeza.

Ukihamia kaunti nyingine, omba uhamisho. Usijiandikishe upya, maana kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Na fanya hivyo uchaguzi ungali mbali, kwa kuwa uandikishaji na uhamisho husimamishwa uchaguzi unapokaribia.