Bwana wangu anasema nawakimbia

*Jambo Tantine. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, tunakaa Bel-Air. Tangu mwaka jana nakimbia na wenzangu watatu, siku tano kwa juma. Tunakutana kwenye kona yetu saa kumi na moja na robo alfajiri. Mwisho wa mwezi wa nane nataka kumaliza kilomita 21 kwa mara ya kwanza maishani. Sasa mwenye nyumba wetu amefariki, watoto wake wanauza parseli, kiwanja chenye nyumba tunamokaa, na sisi mwisho wa mwezi huu wa sita tunahamia upande wa Kasapa. Vitu viko kwenye magunia, watoto wako kwenye mitihani, na mwenye nyumba mpya anadai garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi sita. Siku kumi sijakimbia. Juzi niliamka, nikapiga magoti mbele ya magunia na tochi ya simu, nikawa natafuta kiatu cha kushoto mpaka bwana akaamka. Sikukipata. Nikalia. Kabla ya hapo, siku alipoleta katoni za kwanza, nilitoka nikapiga kilomita 18 peke yangu na wala sikuchoka. Yeye anasema: "Wewe hukimbii, unatukimbia." Mama mkwe anasema mshika mbili moja humponyoka. Tantine, niache mpaka tutulie, au nishikilie? Naona kazi ya mwaka mzima inaisha. — Mama wa Magunia, Lubumbashi*

Mama wa Magunia, mwanangu,

Nianze na mama mkwe, maana yeye ndiye rahisi. Methali yake inasema habari za mikono, na wewe unakimbia kwa miguu. Mwambie hivyo siku mkiwa mnacheka. Kama hamcheki, msaidie kufunga sufuria na ukae kimya.

Sasa hofu yako. Siku kumi hazijakuibia mwaka. Ukipumzika, kinachopungua kwanza ni maji ya damu, ndiyo maana ukirudi barabarani utasikia moyo unadunda haraka kwa mwendo uleule uliouzoea, na utajiambia umekwisha. Hujaisha. Maji hayo hurudi upesi mno ukianza tena. Pumzi yenyewe, ile uliyoijenga mwaka mzima, huanza kushuka kwa kuonekana baada ya kama wiki mbili za kukaa bure, na hata hapo hushuka polepole. Na wewe hujakaa bure. Anayebeba magunia, bidoni na vitanda kutwa nzima hajakaa bure.

Kuna mtafiti mmoja wa Chicago, Robert Hickson, ambaye miaka ya 1980 alifanya jambo ambalo sisi akina mama tungelifanya bila maabara: aliwazoeza watu kwa nguvu siku sita kwa juma, kisha akawapunguzia. Wengine wakabaki na siku nne, wengine mbili tu. Baada ya majuma 15 ya kupunguza, pumzi yao ilikuwa bado iko pale pale. Sharti lilikuwa moja: siku zile chache walizobakiwa nazo, wafanye mazoezi kwa nguvu ileile. Katika jaribio jingine, waliolegeza nguvu pumzi yao ilishuka. Kwa hiyo anayejikokota siku tano huku akili iko kwenye katoni anapata kidogo kuliko anayekimbia siku mbili kweli kweli.

Basi mpaka kamyo ya kubeba vitu iondoke Bel-Air, wewe una siku mbili. Katikati ya juma, dakika kama 40 tu: kumi za taratibu, kisha mara sita dakika moja ya kasi na mbili za kutembea au kujikongoja, halafu kumi za kurudi nyumbani. Jumamosi, saa nzima ya polepole na wale wenzako watatu, mwendo wa kuongea. Siku ya kamyo na kesho yake, hakuna kitu. Mgongo uliobeba friji haupelekwi lamini. Mkishafika Kasapa, juma la kwanza siku mbili, la pili tatu, la tatu nne. Na kilomita ulizokosa usizilipe. Mbio si deni la dukani. Ukitaka kulipa siku kumi kwa juma moja, utalipa kwa mfupa wa muundi, na mwezi wa nane utautazamia kitandani.

Hilo lilikuwa swali lako. Sasa nirudi kwenye lile ambalo hukuuliza.

Nilisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikwama palepale: siku bwana alipoleta katoni za kwanza, ulipiga kilomita 18 peke yako na hukuchoka. Kwa anayejiandaa kwa 21 mara ya kwanza, 18 ni safari ndefu kuliko zote, ya kupangwa, ya kulala mapema na kula bukari, ugali wetu, usiku wake. Mtu haiamkii tu kwa sababu ameona katoni. Na wewe unaenda na wenzako kila siku, ila siku hiyo ulienda peke yako. Mwanangu, lugha yetu ina ujanja: kukimbia mbio na kumkimbia mtu ni neno lilelile. Bwana wako alikuwa na hasira, lakini siku hiyo moja alikuwa na haki. Siku nyingine zote hana.

Nadhani hutaki kuhama. Hujaandika hivyo popote. Umeandika garanti, mitihani, magunia, kiatu. Lakini mtu anayetaka kuhama huandika habari ya nyumba anayokwenda, na wewe kuhusu ile ya Kasapa hujaniambia hata kama ina dirisha. Na "kona yetu" umeiandika kama vile ni jina la mtaa. Naamini ulilia kwa ajili ya kona hiyo. Kiatu kilikuwa karibu tu.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya mambo 43 yanayomtikisa mtu, kila moja na alama zake. Kufiwa na mume au mke kulipewa 100. Kuhama nyumba kulipewa 20 tu, na ugomvi na wakwe 29. Nilicheka. Nadhani Wamarekani wale hawakuwahi kutoa garanti kwa dola, mwezi mmoja wa komisionere, dalali wa nyumba, juu yake, na watoto wakiwa kwenye mitihani. Lakini kwenye orodha yao kuna jambo moja la busara: alama hujumlishwa. Wewe una kuhama, una pesa, una mama mkwe, una mwenye nyumba aliyefariki mkiwa kwenye parseli yake, na una marafiki watatu wanaobaki upande wa pili wa mji. Jumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo mkalie bwana chini, jioni, watoto wakilala, na umwambie neno moja kabla ya habari za mbio: "Nasikia uchungu kuondoka hapa." Usianze na ratiba. Ukianza na ratiba ataona unaomba ruhusa, naye atakupa au atakunyima. Ukianza na uchungu, huenda ukamkuta na wake, maana yeye ndiye anayebeba zile katoni, na mwanaume anayebeba katoni kimya kimya mara nyingi ana lake moyoni. Baada ya hapo mpe siku zako mbili, kwa jina: Jumatano na Jumamosi. Siku zilizobaki, alfajiri ni ya magunia, na hutoki. Akiona tano zimekuwa mbili, na hizo mbili hazichezewi, neno la "unatukimbia" litamwishia mdomoni.

Kuhusu garanti, kwa haraka: sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Najua wenye nyumba wengi wanaisikia kama hadithi. Hata hivyo aitaje bwana, kwa sauti ya chini, komisionere akiwepo. Miezi ikipungua hata miwili, hiyo ni pesa ya kamyo na viatu vipya.

Viatu, ndiyo. Mimi nilihama mara nne katika mji huu, na mara ya tatu nilitupa viatu vyangu vya mbio ndani ya gunia moja na vyombo vya jikoni. Kimoja nilikiona jioni ileile. Cha pili nilikikuta baada ya wiki tatu ndani ya sufuria kubwa ya bukari, kimejikunja, kamba bado zina udongo mwekundu wa kule tulikotoka, na mwiko umelala juu yake. Leo hii fanya hivi: chukua mfuko mmoja wa plastiki. Weka viatu, soksi, kaptula, sweta ya baridi ya mwezi wa saba, tochi. Ufunge, ukae nao mkononi kama pochi ya kitambulisho. Haupandi kamyo. Hicho cha kushoto kitafute mchana, ukiwa umeshiba, si alfajiri ukiwa na machozi.

Kasapa. Usianze kukimbia gizani mahali usipopajua. Mwezi wa sita na wa saba kwetu jua linachelewa, linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu, na saa kumi na moja bado ni usiku. Juma la kwanza tembea mchana. Jua wapi lami inakatika, mbwa gani hawafungwi, na salimia masentinele wa mageti, mmoja mmoja, kwa heshima, "Jambo papa". Wao ndio wanaokesha. Sentinele anayekujua kwa jina ni taa ya barabarani. Halafu umeshafikiria kwamba unahamia jirani na chuo kikuu? Asubuhi kuna wanafunzi wanaokimbia kule, na barabara za kampasi ni bora kuliko vumbi la kiangazi ulilokuwa unalimeza Bel-Air.

Wale watatu usiwaage. Jumamosi moja waje kwako, Jumamosi nyingine uende kwao, na nauli ya teksi uiweke kwenye bajeti ya nyumba pamoja na makala ya kupikia. Na ile Jumamosi ya kwanza kabisa Kasapa, kama hawawezi kufika, mwombe bwana achukue baiskeli akusindikize taratibu pembeni. Atalalamika baridi. Mpe ile sweta.

Halafu uniandikie: dirisha la nyumba mpya linatazama wapi?

Tantine