Nyuki wa mlimani na joto la tambarare: je, watazoea?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwaka jana nilinunua makundi matatu ya nyuki weusi, wapole, kutoka juu mlimani Kilimanjaro, zaidi ya mita 2,000. Nikayashusha shambani kwangu tambarare ya Hai, kama mita 900. Tangu Januari nyuki wanashinda wameng'ang'ania nje ya mzinga kama ndevu, na makundi mawili yamehama. Muuza pembejeo amenipa unga wa vitamini wa "kuongeza kinga ya joto", nichanganye na maji ya sukari. Niongeze kipimo? Au nivumilie tu, maana anasema wakizaliana vizazi viwili vitatu watazoea?

JIBU: Marahaba. Usiongeze kipimo, na pakiti iliyobaki mrudishie aliyekuuzia. Hilo ndilo jibu fupi. Refu linahusu hilo neno "watazoea", ambalo kila msimu wa kiangazi naulizwa na ambalo limeshamaliza mizinga ya watu wengi.

Nyuki unaowaona mlangoni kwa mwaka mmoja si vizazi. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, huishi wiki chache, anakufa, anayechukua nafasi yake ni mdogo wake, mtoto wa malkia yule yule, aliyepandwa kule kule mlimani kabla hujamshusha. Kibarua aliyeteseka na jua la Januari hana mtoto wa kumrithisha chochote. Kwa hiyo wa Machi anazaliwa na mwili ule ule wa baridi aliokuwa nao wa Oktoba.

Mabadiliko yanakuja pale malkia anapokufa au kuondolewa. Malkia mpya hupandwa angani na madume mengi, kumi na zaidi, na huko tambarare madume hayo ni ya nyuki wa nyika, yule mdogo mwenye mikanda ya njano unayemjua kwa ukali wake. Baada ya hapo kundi litastahimili jua, ndiyo, na muuzaji atakuja kukuambia "si nilikwambia?" Lakini aliyestahimili ni chotara wa nyika. Nyuki uliyemlipia hayupo.

Hili si la kubahatisha. Nyuki wa mlimani, Apis mellifera monticola, alitambuliwa rasmi kama jamii ndogo ya pekee mwaka 1961. Mwaka 2017 watafiti waliolinganisha nyuki wa milimani na wa nyanda za chini nchini Kenya walikuta kwamba kwa sehemu kubwa vinasaba vyao vinafanana, isipokuwa vipande viwili vikubwa, kwenye kromosomu ya 7 na ya 9, vinavyorithiwa kama furushi zima. Furushi la namna hiyo mdudu huzaliwa nalo. Haliji kwa kuvumilia jua.

Sasa hizo ndevu. Ukishuka kutoka mita 2,000 hadi 900, yaani mita 1,100, joto la hewa linapanda kama nyuzi 7. Majana, yaani watoto wa nyuki walio masegani, yanataka nyuzi 34 hadi 35 usiku na mchana. Mlimani kundi lako lilikuwa linachoma asali ili kupasha moto; tambarare adhuhuri, mzinga ukiwa juani, linachoma asali ili kupoza. Vibarua wanaacha mbochi, ule utamu wa maua, na chavua wanakwenda kubeba maji, wanayatandaza juu ya masega, wengine wanapepea kwa misuli ile ile ya kurukia, ambayo ndiyo inayokula sukari kuliko kitu kingine mwilini. Wasio na kazi hutoka nje ili wasiongeze joto ndani. Ndiyo ndevu zako. Matumizi yanapanda, mapato yanashuka. Maji yakiwa mbali, kundi linahama.

Katika hesabu hiyo vitamini inaingia wapi? Seli za mdudu zikipata joto kali hutengeneza zenyewe protini za dharura za kuzishikilia nyingine zisiharibike, na kazi hiyo nayo inakula nguvu. Huwezi kuzinywesha kwa kijiko. Maji ya sukari yenyewe, kwenye joto hilo, huchacha upesi na kuita siafu na nyuki wezi wa jirani.

Na nyuki angalau wana wa kuwapepea. Panzi au mbawakawa wa juu mlimani yuko peke yake: joto la mwili wake hufuata la hewa, na kila likipanda nyuzi 10 umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nguvu, huongezeka kama mara mbili, wakati mwingine zaidi. Anamaliza akiba ya mafuta kabla hajataga, bila kufikia joto la kumuua. Amerika Kaskazini yupo mdudu wa baridi aitwaye Grylloblatta, aliyegunduliwa 1913 karibu na Banff, Kanada, anayetafuta chakula usiku juu ya theluji. Joto la kiganja cha mtu linatosha kumdhuru. Ndiyo maana nakasirika nikisikia "wadudu wanapenda joto". Wadudu gani? Mtu akikuuzia kiumbe cha baridi huku akikuahidi kitazoea, muulize kwanza yeye amekaa nacho miaka mingapi huko tambarare.

Mzinga uliobaki urudishe juu kama una mahali. Ufunge usiku wakishaingia wote, mlango uzibwe kwa wavu, siyo kitambaa, na uusafirishe kabla ya jua. Kama huna, uweke chini ya mti wenye kivuli kuanzia saa tano asubuhi, ezeka nyasi juu ya mfuniko, na weka karai la maji jirani, lenye mawe ya kutua, lisikauke hata siku moja. Mizinga mitupu itege nyuki wa hapo hapo. Ni wakali, vaa vizuri.

Na huo mmoja uutazame mlangoni. Wakianza kutoka vibarua wenye tumbo la njano kwa wingi, usiendelee kuufungua bila kinyago.